Nyimbo za Zamani za Kijapani kwa Mapukutiko: Zipange kwa Wiki, Si kwa Huzuni

Anayeanza kukusanya nyimbo za Kijapani za msimu wa mapukutiko aghalabu huokota kila wimbo wa huzuni wa miaka ya 1970 na 1980, akazirundika pamoja, basi. Ukifika wimbo wa nne umeshachoka, na ukichunguza maneno unakuta nusu ya orodha ni ya majira mengine kabisa. "Nagoriyuki", uliovuma kwa sauti ya Iruka mwaka 1975, ndio unaowanasa wengi: gitaa la upole, watu wawili wanaagana stesheni. Lakini theluji inayoanguka mle ni ya kufungia msimu wa baridi. "Ii Hi Tabidachi" wa Yamaguchi Momoe nao ulitoka Novemba 1978, ilhali mstari wake wa kwanza unaelekea anga la kaskazini, theluji ikikaribia kuyeyuka. Na "Mayonaka no Door" wa Matsubara Miki, wa Novemba 1979, uliozuka upya mitandaoni mwaka 2020, unataja kipupwe cha pili. Ni nyimbo nzuri zote tatu. Ziweke kwingine.

Kwa hiyo usiamini tarehe ya kutoka. Amini vitu vilivyotajwa ndani ya wimbo: ua gani, nguo gani, upepo gani. Hata kama hujui Kijapani, nakili maneno ya wimbo, utafute herufi 秋, ambayo ndiyo mapukutiko yenyewe, kisha upitishe mistari iliyo jirani nayo kwenye programu ya kutafsiri. Ni kazi ya dakika tano kwa kila wimbo. Ila usitegemee herufi hiyo peke yake, maana wimbo unaweza kutaja ua tu, na kwa Mjapani ua linatosha kumwambia ni mwezi gani.

Tuanze na Septemba. Tokyo bado kuna joto, watu wanatoka jasho, na ndiyo maana fungu hili linahitaji nyimbo zenye mwendo. Fungua na "September" wa Takeuchi Mariya, uliotoka tarehe 21 Agosti 1979, maneno ya Matsumoto Takashi na muziki wa Hayashi Tetsuji. Ukiusikiliza juujuu ni wimbo wa kuchezesha mabega. Maneno yake ni mengine: msichana anaifuata shati ya rangi ya haradali hadi ndani ya treni, akijua kabisa kwamba mwenye shati anakwenda kuonana na mwanamke aliyemzidi umri. Baadaye anasema atarudisha kamusi aliyoazima, akishakata na kutoa neno moja tu, lile la mapenzi. Hakuna kilio, hakuna matusi, kuna mkasi tu. Ufuatishe na "Dare mo Inai Umi" wa Toi et Moi (1970), ufuo uliobaki mtupu baada ya likizo, halafu "Aki no Kehai" wa Off Course (1977). Huo wa tatu usikilizwe kwa makini: Oda Kazumasa, mwimbaji wao, anaimba kwa sauti nyororo ya juu kuhusu bustani ya kilimani inayotazama bandari, ile ya Yokohama, na sauti hiyo inaficha kwamba anayeimba ndiye anayeondoka.

Mwisho wa Septemba kuingia Oktoba kuna mti uitwao kinmokusei. Maua yake ni madogo ya rangi ya chungwa, na harufu hukufikia kabla hujauona mti wenyewe. Huchanua kwa muda wa wiki moja hivi, mvua ikinyesha yanapukutika chini yote. Bendi ya Fujifabric iliutungia wimbo, "Akakiiro no Kinmokusei", uliotoka tarehe 29 Septemba 2004, wa tatu katika mfululizo wa nyimbo nne za majira manne. Nafasi yake ni finyu: ukiusogeza hadi Novemba umepoteza maana. Baada yake weka "Kaze wa Akiiro" wa Matsuda Seiko (Oktoba 1980). Maneno yake hayana kina kikubwa, tusidanganyane, lakini unainua sauti na kukuchangamsha kabla ya upande wa pili.

Upande wa pili nasema kwa sababu. Japani ilikuwa na mazoea ya kaseti za dakika 46, yaani dakika 23 kila upande, zilizotosha kunakili santuri nzima. Kipimo hicho bado kinafaa. Nyimbo hizi nyingi ni za dakika tatu hadi tano, kwa hiyo tano upande mmoja na nne au tano upande wa pili zinatosha. Ukiweka nyimbo 40, hutaisikia hiyo tofauti ya wiki na wiki.

Upande wa pili uanze na "Tabi no Yado" wa Yoshida Takuro (1972). Mwanamke amevaa yukata, vazi jepesi la Kijapani, kichwani amechomeka suke la nyasi za susuki badala ya kibanio, ameshika shingo ya chupa ya sake ya moto, pombe ya mchele, na mwezi uko nusu. Susuki ndizo nyasi zinazotumika kupamba usiku wa kutazama mwezi wa mapukutiko, kwa hiyo msikilizaji wa Kijapani haulizi ni majira gani. Kisha "Shishuki" wa Iwasaki Hiromi (1977), maneno ya Aku Yu, ambamo binti anakumbuka porojo za machipuko na utundu wa kiangazi.

Halafu "Kosumosu" wa Yamaguchi Momoe, ulioandikwa na Sada Masashi na kutoka tarehe 1 Oktoba 1977. Mama anakohoa mara moja uani, anakaa barazani akifungua albamu za picha, anarudia hadithi ile ile ya utoto kwa sauti ndogo kama anajisemea, na binti yake anaolewa kesho. Usiuweke kabla ya wimbo wa kasi hata siku moja. Sada naye ameurekodi kwa sauti yake. Chagua mmoja, usiweke wote wawili. Jina, ambalo ni la ua la kosmosi, huandikwa 秋桜, herufi zinazosomeka pia "Akizakura", na ukitafuta "Akizakura" kwa herufi za kirumi unaweza kuukosa.

Funga na "Kaede" wa Spitz. Ulitoka Julai 1998, na kaede, mti wa majani mekundu, umo kwenye jina tu.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni sauti kupanda ghafla: rekodi za mwisho wa miaka ya 1990 na kuendelea zilitengenezwa kwa kishindo kuliko za 1972, kwa hiyo "Kaede" utakushtua baada ya "Kosumosu". Washa mpangilio wa kusawazisha sauti kwenye programu ya muziki. La pili, zima ule wa kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine. Rekodi nyingi za zamani humalizika kwa kufifia polepole, na sekunde hizo ndizo zinazomezwa. La tatu ni nakala: huduma za muziki mtandaoni zimejaa matoleo ya karaoke, ya ala tupu na yaliyorekodiwa upya miaka mingi baadaye. Kagua jina la mwimbaji kwa herufi za Kijapani na mwaka wa rekodi, na ukumbuke kwamba huduma nyingi hugeuza majina, Yamaguchi Momoe akawa Momoe Yamaguchi.

Ukizidisha dakika 23 za upande wa kwanza, toa "Kaze wa Akiiro". Upande wa pili ukizidi, toa "Shishuki" kabla ya mwingine wowote, maana "Tabi no Yado" na "Kosumosu" zinaweza kusikilizwa moja baada ya nyingine bila kugombana.