Pilipili manga Muheza: vuli au masika?
Kaka, umeuliza miche ya pilipili manga uipande vuli au masika. Panda masika. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huweza kukatika mapema, na jua la Januari na Februari likaukuta mche mizizi bado michanga. Subiri Machi, udongo ulowe hadi chini (chimba uone, usidanganywe na manyunyu ya kwanza), kisha una mvua mpaka Mei. Vuli tanguliza miti ambayo pilipili itaiegemea ikitambaa, glirisidia kwa mfano, maana hiyo huvumilia ukame. Mdalasini nao bandua msimu wa mvua, gome hutoka kirahisi. Iliki waachie wenzetu wa Amani, kule juu milimani kwenye ukungu na kivuli. Huku bondeni itakutesa.