Pampu ikishajikata, mafuta yale ya kuongezea yanakwenda wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ujiji, nina Toyota IST ya mwaka 2004 ninayopelekea mawese na dagaa Kasulu. Sipendi kusimamasimama njiani, kwa hiyo huwa najaza full tank kabla ya kutoka Kigoma. Pampu ikijikata, kijana wa sheli huibonyeza tena na tena, mwenzake akilitikisa gari ili hewa itoke, mpaka mafuta yaonekane shingoni na hela ifike namba isiyo na chenji. Sasa yapata mwezi, kila nikitoka kujaza gari linakuwa gumu kuwaka. Likiwaka linatetemeka na kunuka petroli dakika kadhaa, kisha linatulia. Juzi taa ya injini imewaka. Fundi wa hapa anasema pampu ya mafuta ya gari imekufa, ninunue nyingine. Dereva mmoja anasema ni kujaza kupita kiasi. Na WhatsApp nimesoma kwamba gari lililojazwa full linaweza kulipuka juani. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwamini dereva. Fundi mwambie asubiri kwanza, na huo ujumbe wa WhatsApp ufute.

Nianze na pampu, maana hapo ndipo hela yako inapotaka kupotea. Pampu ya mafuta iliyochoka haingoji siku ya kujaza. Ingekusumbua tenki likiwa robo, ingekukatia nguvu kwenye mlima ukiwa na mzigo. Lako linasumbua ukitoka sheli tu, halafu linapona lenyewe. Isitoshe, gari lililokosa petroli halinuki petroli. Linalonuka na kutetemeka limezidiwa. Nasema hivi kwa sababu na mimi niliwahi kuingia mtego huo. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja pampu mpya kwa dalili hizihizi. Wiki iliyofuata akarudi hapa Isevya, Tabora, akitokea sheli, tenki limejaa, gari linakohoa vilevile kama vile sikuligusa. Hela ya ufundi nilimrudishia. Pampu akabaki nayo.

Sasa twende kwenye tenki. Wewe ni mtu wa mawese, kwa hiyo hili unalijua kuliko mimi. Dumu la mawese lililojazwa asubuhi mpaka kwenye kizibo, likiwekwa kwenye buti na kupigwa jua, mchana utalikuta limevimba tumbo na limetokwa jasho jekundu kwenye mfuniko. Wafanyabiashara wazoefu huacha nafasi ya vidole viwili. Petroli nayo hutanuka, tena zaidi ya maji: kila lita moja ikipanda joto kwa nyuzi 10, inaongezeka kwa karibu mililita 10. Tenki la IST ni lita 45. Petroli inatoka kwenye tangi la chini ya ardhi la sheli, ambako jua halifiki, inaingia kwenye tenki lako lililo juu ya lami ya saa saba mchana. Ikipata joto la nyuzi 10 tu, hapo imekwishazaa karibu nusu lita, ile chupa ndogo ya maji ya kunywa. Itakaa wapi kama umejaza mpaka shingoni?

Waliotengeneza gari waliliona hilo wakaacha nafasi juu ya tenki kwa makusudi. Kijana wa sheli anapolitikisa gari ili hewa itoke, anaitoa ile hewa iliyowekwa iwepo. Hii tabia ya kutikisa inaniudhi, nikiri tu. Tumeirithi enzi za magari yenye tenki la bati na mfuniko wenye tundu, na hata kwenye hayo haikuwa na faida kubwa.

Ile nafasi haikai tupu. Hujaa mvuke wa petroli, na mvuke huo haurushwi nje hovyo. Unapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kopo jeusi la plastiki ambalo mafundi tunaliita kanista. Magari mengine limewekwa nyuma karibu na tenki, mengine mbele kwenye injini. Ukilipasua, ndani utakuta chenga za mkaa. Si mkaa wa jiko, ni mkaa uliotengenezwa maalumu wenye vitundu visivyohesabika, na kazi yake ni kuushika mvuke. Injini ikishapata moto, kompyuta inafungua vali ndogo, injini inavuta hewa safi kupitia kwenye ule mkaa, na mvuke unakwenda kuchomwa pamoja na mafuta mengine. Mkaa unakauka, unakuwa tayari kwa mvuke wa kesho.

Mkaa huo umetengenezwa kwa ajili ya mvuke. Petroli ya majimaji ikiufikia, unalowa kama dodoki lililotumbukia ndooni. Juu ya tenki kuna vali yenye kiboya inayotakiwa kuyazuia majimaji yasipite, na kwa kawaida inafanya kazi yake. Lakini wewe unatoka Kigoma tenki limefurika, petroli inaendelea kutanuka, unaanza kupanda kutoka ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kuelekea Kasulu iliyo juu zaidi ya mita 1,000. Gari limeinamia nyuma, makona yanalirusha huku na huku. Na kadiri unavyopanda ndivyo kanieneo la hewa linavyopungua na petroli inavyozidi kutoa mvuke. Kiboya kinazidiwa. Petroli inapenya kwenye mpira, inaingia kwenye kanista, na kompyuta ikifungua vali ikidhani inavuta mvuke, injini inamezeshwa petroli ambayo haikuiomba. Kutetemeka kwako ndiko huko. Harufu ndiyo hiyo. Taa imewaka kwa sababu kompyuta imechoka kurekebisha.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, mwambie fundi aunganishe mashine ya kusoma makosa. Ikitoa P0172, maana yake ni kwamba mafuta yamezidi hewa, na hapo habari ya pampu iishe. Kisha aitafute vali ya kanista mbele kwenye injini. Injini ikiwa inanguruma taratibu, achomoe soketi ya umeme ya vali hiyo, avue mpira unaotoka kwenye kanista, aweke kidole kwenye mdomo wa vali. Umeme ukiwa umechomolewa vali inatakiwa kuwa imefunga. Kidole kikivutwa, vali imekwama wazi, na mara nyingi kilichoikwamisha ni chenga za mkaa zilizong'oka baada ya kanista kulowa. Hiyo inabadilishwa, na ni ndogo na nyepesi kuliko pampu. Halafu afungue kanista yenyewe aitikise. Kavu ni nyepesi na haina sauti. Iliyolowa ni nzito, na ukiiinamisha unasikia majimaji yakihama upande.

Kama imelowa kidogo tu, usinunue kitu. Endesha mpaka tenki lishuke nusu, siku zote jaza mpaka hapo pampu inapojikata, na ndani ya siku kadhaa za safari injini itaukausha mkaa yenyewe. Kama imejaa majimaji, tafuta used nzima. Na usikubali fundi aipulize kwa kompresa, upepo ule unazivunja chenga na kuzipeleka kwenye vali. Usikubali pia aianike juani nyuma ya gereji, jirani na jiko la mama ntilie.

Kuna mafundi watakaokwambia "tuipige bypass": watoe kanista, wazibe mipira kwa bolti. Gari litawaka vizuri wiki hiyo. Baadaye tenki lisilopumua vizuri linaweza kujivuta ndani kadiri mafuta yanavyopungua, pampu ikahangaika kuvuta, na siku hiyo kweli utanunua pampu.

Kuhusu kile kijitabia cha sheli. Karibu na ncha ya nozeli kuna kitundu kidogo kama punje ya mtama. Petroli inapopita kwa kasi ndani ya nozeli, inavuta hewa kupitia hapo. Mafuta yakipanda shingoni na kukiziba kitundu, hewa inakosekana, mvuto unakivuta kiwambo kilichomo ndani ya mkono wa nozeli, na kishikio kinaachia: kaa! Hakuna kompyuta hapo. Ila kinadanganyika na povu, au nozeli ikiingizwa kombo. Ikijikata geji ikiwa bado nusu, basi mwambie aivute kidogo, aigeuze, aendelee. Ikijikata ukiwa umeshaingiza lita unazozitarajia, hapo ndiyo mwisho. Suala la chenji ni rahisi: lipa kwa simu shilingi zilezile zilizoandikwa kwenye pampu, hata zikiishia na thelathini na saba. Au taja kiasi mapema, kidogo chini ya full. Zile lita mbili za kusukumizia zitakufikisha kilomita ishirini na kitu mbele, na sehemu yake utaipoteza kwenye mvuke.

Haya, WhatsApp. Ule ujumbe huzunguka kila kiangazi, na huku Tabora Oktoba ikifika nauletewa na wateja watatu kwa siku. Petroli haiwaki yenyewe mpaka ifikie joto la zaidi ya nyuzi 200, na jua la Ujiji halifiki huko hata uliegeshe siku nzima. Kwa hiyo kujaza full mpaka pampu ijikate hakuna kosa, na kwa safari yako naunga mkono. Hatari iko kwenye petroli iliyotoka nje ya tenki. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilimradi ipatikane cheche, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, haupai. Unatambaa chini kama moshi wa ubani ukimwagwa na upepo, unafuata mtaro. Niliwahi kuona Probox imetoka sheli imejazwa mpaka juu, dereva akaiegesha kwenye mteremko, upande wa mfuniko ukiwa chini. Tone, tone, tone, kwenye vumbi. Hatua kama nane kutoka hapo dada mmoja alikuwa anakaanga migebuka kwa jiko la mkaa. Hakuna kilichotokea, tulilisukuma gari kwa mikono bila kuliwasha na kumwaga mchanga pale chini. Lakini harufu ilifika jikoni kabla yetu.

Na mfuniko wako ukoje? Nauliza kwa sababu magari mengi ya biashara nikiyafungua nakuta kitambaa au mfuko wa nailoni badala ya mfuniko. Mfuniko halisi una vali yake ndogo, ukiufungua mchana wa jua utasikia tenki limepumua "pshii". Hiyo ni kawaida, usiogope.

Wenye bodaboda nao wananiuliza hili. Tenki lao liko juu ya injini ya moto na hupumulia kwenye mfuniko, kwa hiyo mafuta yasipite kuingia kwenye shingo ya ndani, hasa ukiiegesha kwa stendi ya pembeni juani. Magari ya dizeli kwa kawaida hayana kanista ya mkaa. Shida yao kubwa ni povu linalokata pampu mapema, na dizeli iliyomwagika inalainisha lami na kuwafanya wa nyuma yenu wateleze.

Kamuonyeshe fundi wako hii ya kidole na soketi. Kama kidole hakivutwi na kanista ni kavu, niandikie namba zote zilizotoka kwenye mashine, pamoja na kilomita za gari, tuangalie plagi na sensa ya hewa.