Muulize Mzee wa Nyaraka: Ukoo wa Norfolk

SWALI: Mzee, shikamoo. Baba mkwe wangu ni Mwingereza. Dada yake aliyeko Norfolk ametuandikia kwamba ukoo wao ulikuwa na ardhi katika kijiji kimoja huko tangu enzi za mfalme Edward wa Tatu. Nimelitafuta jina lao intaneti, wakaja mamia ya watu wasiojuana. Kuna mtu anatuuzia nembo ya ukoo kwa dola 60. Nikiwa hapa Mbale, nianzie wapi?
Mama Watoto, Mbale

JIBU: Marahaba, mama. Hela ya nembo wanunulie watoto viatu. Uingereza nembo hupewa mtu, ikarithiwa na uzao wake; hakuna nembo ya kila mwenye jina fulani.

Sasa acha jina, shika ardhi. Nimezeeka na majalada ya ardhi Entebbe, na najua shamba halihami. Karne ya 14, enzi za Edward huyo, majina ya ukoo yalikuwa hayajatulia: mtu aliandikwa leo kwa jina la baba yake, kesho kwa kazi yake. Vitabu vya parokia vya ubatizo na ndoa vilianza 1538 tu.

Ardhi hiyo ilikuwa ndani ya manori, yaani eneo la bwana mmoja, lenye wakazi wake na baraza lake. Manori si kijiji. Kijiji kimoja kingeweza kugawanywa kwa manori kadhaa, na manori moja kuingia vijiji viwili. Wengi hukwama hapo. Kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza kuna rejista ya nyaraka za manori. Humo utaona magombo ya baraza, yaani kumbukumbu za vikao vyake, yalipo: mengi yako ofisi za nyaraka za kaunti (ya Norfolk iko Norwich), mengine hata vyuoni Cambridge.

Gombo lenyewe ni ngozi iliyojaa Kilatini cha kufupishwa. Karani anaandika kwamba fulani, aliyeshika nyumba na ekari 10 za bwana, amefariki. Bwana amechukua ng'ombe bora wa marehemu. Mwanawe amefika barazani, ameomba ardhi, amelipa ada ya kuingia, ameapa. Mistari minne tu, na tayari unaye baba, mwana na shamba lao. Magombo ya 1349, mwaka wa tauni, yana vifo hivyo kurasa kwa kurasa. Ila usitegemee kukuta 1349 imeandikwa: utakuta mwaka wa 23 wa utawala wa Edward wa Tatu, unaoanza 25 Januari 1349.

Mpangaji alipewa nakala ya mistari hiyo iwe hati yake, na utaratibu huo ulidumu mpaka 1926. Mganda mwenye kibanja (kipande anachokalia) kwenye ardhi ya mailo (ardhi yenye hati ya mtu mwingine), anayelipa busuulu (kodi ya ardhi kwa mwenye hati), ataelewa haraka kuliko Mwingereza wa leo.

Lakini hao wenu walikuwa mabwana au wapangaji? Kama waliishika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, mna bahati. Mtu wa namna hiyo akifa, ofisa wa mfalme aliwaapisha wanaume wa mahali pale waseme marehemu ameacha ardhi gani, aliishika kwa huduma gani, mrithi ni nani na ana umri gani. Muhtasari wa mahojiano hayo umechapishwa kwa Kiingereza, na sehemu kubwa inasomeka intaneti. Ukikuta mrithi ana "miaka 21 na zaidi", usipige hesabu ya mwaka wa kuzaliwa. Maana yake ni mtu mzima. Huenda ana 40.

Mwandikie huyo shangazi wa mume wako. Akutajie kijiji, akupigie picha wasia au hati yoyote aliyonayo, na akuambie babu wa mbali kabisa anayeweza kumthibitisha kwa karatasi. Anza na babu huyo, urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Ukianza na bwana wa 1340 ukashuka, utafika kwa ukoo wa watu wengine.