Ukitaka udiwani Kigoma, jifunze kurudi na jibu

Vijana wa Ujiji, Mwanga na Gungu hunifuata wakitaka kugombea udiwani, wananiuliza waanzie wapi. Wengi wameshaanza na jezi za timu ya mtaa na rambirambi misibani. Kuzikana ni utu, endeleeni. Lakini mwananchi anataka akikutuma, umrudie na jibu. Hilo ndilo wengi wetu tunashindwa.

Nikiwa diwani, kata yetu ilikuwa na boma la madarasa mawili. Wazazi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, ukuta ukafika kwenye lenta, basi ukaishia hapo. Masika yakanyesha ndani, majani yakaota hadi usawa wa madirisha. Kila mkutano wa mtaa mama mmoja muuza mawese alisimama na swali lilelile: "Mheshimiwa, mabati lini?"

Huwezi kumjibu kama hujui njia ya pesa. Diwani hashiki fedha. Hoja inatoka mtaani, inaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako wewe ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, ndipo inapanda halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri huandaliwa na kupitishwa miezi mingi kabla. Ukipeleka hoja ya mabati mwezi wa Mei umechelewa, hata ugonge meza namna gani. Kikao cha kata kikae mapema, muhtasari usainiwe, makisio ya mhandisi yaambatishwe, na nakala moja ibaki kwako. Karatasi hupotea maofisini, nimeyaona.

Mwaka wa kwanza boma letu halikuingia kwenye bajeti. Nilimwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, nikasema mbele ya watu wote: tumekosa, na sababu ni hizi. Wapo walioguna, wapo walioondoka. Yule mama akasema, "Afadhali umetuambia, tujue pa kubana." Na kweli wakabana. Msimu uliofuata wazazi wenyewe walimfuata mtendaji kuulizia muhtasari, na mabati yakapatikana.

Ni vivyo hivyo kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi wasiisikie kama hisani ya diwani. Waelezeni masharti, wasaidieni kusajili kikundi, na wakinyimwa wapeni sababu.

Fomu ya kugombea isubiri kidogo. Kwanza nenda mkutano ujao wa mtaa wako, kaa mpaka mapato na matumizi yasomwe, uliza swali moja, kisha fuatilia mpaka ulijue jibu lake. Ukilipata, rudi mkutanoni uwasomee wenzako.