Usimpe fundi leptopu kabla hujaipima diski

Hapana, usiipeleke kesho. Umeandika kwamba leptopu yako ina RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ngumu ya GB 500, ile ya sahani zinazozunguka, Chrome inaganda ukifungua tabo ya tatu, unafikiria kuhamia Firefox, na fundi wa pale mjini amekuambia dawa ni kupiga Windows upya. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, nikalipa, nikarudishiwa mashine nzito vilevile na nywila zote zimekwenda. Fundi anayefuta diski bila kuipima anakisia, na anakisia kwa pesa zako.

Leo usiku bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, ingia Performance, kisha Disk, uone asilimia ya diski inavyoshughulika. Funga kivinjari, ungoje dakika tano. Asilimia ikishuka karibu na sifuri, diski ilikuwa inabeba mzigo wa RAM: kumbukumbu ikijaa, Windows huhamishia diskini vitu visivyotumika kwa wakati huo, na diski ya sahani haiwezi kasi hiyo. Ikibaki 100 ilhali kinachosomwa na kuandikwa ni KB chache tu kwa sekunde, na muda wa kujibu ni milisekunde mia kadhaa, shaka iweke kwenye diski yenyewe. Thibitisha kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure. Buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu usiiwashe tena ila kwa kunakili.

Sasa yakhe, sikiliza hapa, maana hasara kubwa iko hapa. Watu hunakili folda ya Chrome kwenye flashi wakadhani wamemaliza. Alamisho zitarudi. Nywila hazirudi. Zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows, na diski ikifutwa ufunguo unakwenda nao. Hata ukifungua akaunti mpya yenye jina lilelile, ufunguo ni mwingine. Kwa hivyo andika chrome://password-manager/settings kwenye Chrome, pakua faili la nywila, liweke kwenye flashi, na ulifute mara tu ukishazirudisha, kwa sababu yeyote atakayelifungua atazisoma zote, ya iTax ya kodi, ya eCitizen ya huduma za serikali, ya benki, bila kizuizi chochote. Ikiwa umeingia kwa akaunti ya Google na usawazishaji umewashwa, huenda ziko salama, lakini zitazame kwa macho yako kwenye simu kwanza. Halafu nakili Documents, Desktop na Pictures. Anza na vile usivyoweza kuvipata tena, kwa sababu diski mbovu inaweza kuzima katikati ya kazi.

Na kupiga Windows upya juu ya diski hiyohiyo hakuondoi sehemu zake mbovu. Zinabaki palepale, na Windows mpya inaanza kupakua masasisho saa nzima juu yake.

Tafuta SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ya SATA, yaani ya kiunganishi hicho, ya inchi 2.5, unene wa milimita 7; GB 240 inatosha. Diski ya sahani husoma vipande vidogo mia moja hivi kwa sekunde, SSD ya bei ya chini husoma maelfu, na kazi ya kivinjari karibu yote ni vipande vidogo: keshe (nakala za muda za kurasa), historia, vidakuzi. Windows mpya ipigwe hapo.

RAM baadaye. Usikubali kuambiwa RAM zote za aina ya DDR3 ni moja. Leptopu nyingi za Intel za kizazi cha nne zinataka DDR3L ya volti 1.35, ile ya volti 1.5 itaingia kwenye tundu vizuri kabisa na mashine isiwake.

Joto letu la kaskazi nalo lina lake. Ukiona kwenye Performance kasi ya CPU (kichakataji) imeganda chini ya GHz 1 wakati mashine inaunguza mapaja na kazi imejaa, toa vumbi kwenye feni na ubadilishe pasta ya kupitishia joto iliyo juu ya CPU.

Tuma hapa picha ya CrystalDiskInfo kabla hujatoa shilingi. Nataka kuona mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski.