Andikeni kabla mkunga wenu hajastaafu

Mkunga aliyetulea kituoni alistaafu siku ya Ijumaa. Tulipiga vigelegele, tukamvisha kitenge, tukala pilau. Jumanne usiku akaletwa mama wa mimba ya miezi minane, anadegedeka kwa kifafa cha mimba. Dawa ilikuwepo kabatini: magnesiamu salfeti, vichupa vya mililita 10, kila kimoja gramu 5. Lakini miaka yote aliyeichanganya ni yule mkunga aliyestaafu, sisi tukimshikia tochi. Mwenzangu akatoka nje kutafuta mtandao ampigie. Mkunga akapokea simu mara ya tatu: "Vuteni mililita 8, ongezeni maji ya sindano 12, mpeni mshipani taratibu, msikimbilie."

Mama alipona, na mtoto pia. Zile dakika za kusubiri simu sijazisahau hadi leo.

Asubuhi yake nilikata boksi la glavu, nikaandika mchanganyo huo na kuubandika kwa plasta ndani ya mlango wa kabati. Nikaongeza ya kuangalia kabla ya dozi inayofuata: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usipungue mililita 100 kwa saa 4. Chini kabisa, mahali inapokaa kalisiamu glukoneti, dawa ya kuokoa pumzi zikididimia. Kabla ya kubandika, mganga mfawidhi alilinganisha kila namba na mwongozo wa wizara, akatia sahihi na tarehe. Hapo msiparuke jamani. Kosa la mtu mmoja likishabandikwa ukutani, wodi nzima italifuata.

Karatasi peke yake haitoshi, mikono nayo lazima izoee. Baada ya ripoti ya asubuhi tunabaki dakika kumi, mmoja anaonyesha kitu kwa vitendo. Tunaanza na mgeni kuliko wote, wakubwa wanarekebisha kwa upole, maana aliyefokewa mara moja hatauliza tena.

Kundi la WhatsApp tunalo, lakini la muhimu likitumwa jioni, kesho limefunikwa na salamu na pole. Tunalitumia kuitana tu, na picha ya mgonjwa haiingii humo kamwe.

Kila mwezi tunaulizana: ni kazi gani hapa inajulikana na mtu mmoja tu? Safari hii ni mashine ya kuwafyonza watoto wachanga makamasi. Anayeijua vizuri ameshaomba uhamisho. Alhamisi ni zamu yake kutuonyesha, na nimemwomba aje na daftari.