Anza na oili na maji

Dada, umeuliza uanzie wapi ili usikimbilie gereji kila gari likisumbua kidogo. Anza na oili. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi na gari likiwa pa tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena: oili iwe kati ya zile alama mbili. Rejeta, ile ya maji ya kupoza injini, usiifungue ikiwa ya moto, tafadhali sana. Maji yake yana presha na yatakuunguza uso. Kwa vumbi la Moshi wakati wa kiangazi, chujio la hewa likague mara kwa mara. Kubadilisha tairi jizoeze nyumbani, kabla hujapata pancha usiku njia ya Himo. Breki mwachie fundi, ila simama hapohapo, angalia anachofungua na uulize.